Miaka Mia ya Alliance High School: Historia ya Shule na Kumbukumbu za Vijana Wake, 1926–2026

Tarehe 1 Machi 1926 wavulana wasiofika thelathini walianza masomo ya sekondari huko Kikuyu, kilomita zipatazo ishirini kutoka Nairobi, katika eneo la misheni ya Waskoti. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa vijana wakubwa. Mwalimu mkuu wao, G. A. Grieve, alikuwa Mskoti. Shule yenyewe ilibeba jina la muungano wa makanisa ulioiasisi, nao wanafunzi wa baadaye wakaipa jina la mapenzi, Bush, ambalo hata leo mzee mwenye mvi hulitamka uso ukichangamka.

Shule inapofikisha miaka mia, jambo jepesi ni kupanga majina ya wakubwa waliopita darasani. Alliance inayo majina hayo kwa wingi, na baadhi yatatajwa hapa kwa haki. Hata hivyo, maandishi haya yameegemea zaidi kumbukumbu za waliolala mabwenini: walichoogopa, walichocheka, walichokiandika wakiwa bado na umri wa kuambiwa wakate nywele. Katika kumbukumbu hizo kuna urithi mmoja ambao shule yenyewe haijautangaza inavyostahili, nao ni mchango wa wavulana wa Alliance katika tamthilia ya Kiswahili. Tutaufikia.

Haja iliyozaa shule, 1914–1926

Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki vilipiganwa juu ya mabega ya wapagazi. Risasi, chakula na majeruhi vyote vilibebwa na watu waliotolewa vijijini, wengi kwa lazima, wakaandikishwa katika kikosi ambacho wenyeji walikiita Kariakoo. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Maradhi, njaa na uchovu viliua wengi kuliko bunduki za Wajerumani. Jijini Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi hao.

Vita vilipokwisha kulibaki fedha katika mfuko wa misaada ya vita, na likazuka wazo kwamba sehemu ya fedha hizo itumike kujenga kitu cha kudumu kwa ajili ya Waafrika, kiwe ukumbusho wa wapagazi waliokufa. Wakati huohuo misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimeungana. Katika mkutano uliofanyika Kikuyu mwaka 1918, misheni ya Kanisa la Skoti, Church Missionary Society, Africa Inland Mission na Wamethodisti ziliunda umoja wa kushirikiana katika kazi zilizozidi uwezo wa kila moja peke yake. Dk. John Arthur, daktari na kiongozi wa misheni ya Waskoti, alikuwa miongoni mwa walioshika uzi wa jambo hilo. Kwanza walikusudia kuanzisha chuo cha tiba. Mpango huo haukusimama, kwa sababu hakukuwa na vijana wa kutosha waliosoma kiasi cha kuingia chuo cha namna hiyo. Mantiki ya hali yenyewe ikawaongoza: kwanza ijengwe sekondari.

Tume ya Phelps-Stokes ilipita Kenya mwaka 1924 kuchunguza elimu ya Waafrika, na mjumbe wake mmoja alikuwa Mwafrika kutoka Gold Coast, Dk. James Aggrey. Kwa vijana waliomsikia, kumwona mtu mweusi aliyesoma akiketi meza moja na maofisa wa Kizungu lilikuwa somo tosha. Baadaye jina lake lilipewa bweni mojawapo la Alliance. Wakatoliki nao hawakukaa kando. Shule yao, Mang'u, ilianza mwaka 1925. Kwa hiyo ndani ya miezi michache kijana Mwafrika wa Kenya alipata milango miwili ya sekondari, ambapo kabla ya hapo hakuwa na hata mmoja uliofika mbali.

Ni jambo la kutafakari kwamba shule iliyokuja kuitwa ya watawala ilianza kama kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo. Mwanafunzi mpya anapopita langoni, hilo ndilo jambo la kwanza anapaswa kuambiwa.

Enzi ya Grieve, 1926–1940

Miaka ya kwanza ilikuwa ya uhaba. Vyumba vilikuwa vichache, walimu wachache, na karo ilikuwa mzigo kwa familia zilizotegemea mbuzi na mahindi. Kozi zilikuwa fupi, na zilielekezwa kwenye kazi zilizokuwa wazi kwa Mwafrika wakati huo: ualimu, ukarani, kilimo. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku, makanisa yakatoa walimu na ardhi, na kila upande ulikuwa na hoja yake kuhusu Mwafrika asome kiasi gani. Walowezi wengi walitaka asome kidogo. Grieve alishika njia ya taratibu, akapandisha kiwango mwaka hadi mwaka, mpaka kufikia mwisho wa kipindi chake vijana wa Alliance walikuwa wakiandaliwa kwa mtihani wa Cambridge, uleule waliofanya wanafunzi wa Uingereza.

Wito wa shule ulioandikwa kwenye nembo unawataka wanafunzi wawe imara ili watumikie. Haukuwa wito wa mapambo. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya ratiba, na kijana aliyedhani elimu ingemwondolea jembe alikuta jembe likimngoja.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwemo Eliud Mathu. Alisoma Alliance, akaendelea Fort Hare huko Afrika Kusini, kisha Uingereza hadi Chuo cha Balliol, Oxford. Alifundisha pia katika shule yake ya zamani. Mwaka 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Mbiyu Koinange naye alipita hapo kabla ya kuvuka bahari kwenda kusoma Marekani. Aliporudi aliongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi waliotaka shule zisizo chini ya misheni. James Gichuru alisoma Alliance na Makerere, akarudi kufundisha, na baadaye akawa rais wa kwanza wa chama cha KANU mwaka 1960.

Kutoka Nyanza alikuja Oginga Odinga, ambaye alisoma Maseno kwanza, kisha Alliance, kisha Makerere. Kumbukumbu zake ziko katika kitabu chake Not Yet Uhuru, kilichotoka mwaka 1967. Ukikisoma unaona jinsi safari ya shule ilivyokuwa pia safari ya kuijua nchi: kijana wa Bondo anakutana na Mkamba, Mkikuyu, Mtaita na Mgiriama, wote wakila sahani moja na kulala chumba kimoja, katika koloni ambalo serikali yake ilikuwa imewagawa watu katika hifadhi za kikabila na kuwadai kipande wakitoka. Jambo hili linarudi katika kumbukumbu za karibu kila kizazi cha Bush. Wengi walikutana na Kenya kwa mara ya kwanza mabwenini.

Carey Francis, 1940–1962

Huwezi kuzungumza na mwanafunzi wa zamani wa miaka hiyo dakika tano bila kulisikia jina la Edward Carey Francis. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa mwalimu wa hisabati Chuo cha Peterhouse, Cambridge. Mwaka 1928 aliacha hayo yote akaja kuwa mwalimu mkuu Maseno. Mwaka 1940 alihamia Alliance, akakaa miaka ishirini na miwili. Hakuoa. Maisha yake yote yalikuwa shule.

Wanafunzi wa zamani wanamkumbuka kwa kaptula na soksi ndefu, mwendo wa haraka, na jicho lililoona shuka lisilokunjwa vizuri kutoka mlangoni. Siku ilianza kwa kengele alfajiri, katika baridi ya Kikuyu ambayo mwezi Julai huingia mifupani, hasa kwa kijana aliyetoka Kilifi au Kisumu. Kulikuwa na kufagia, kuoga, kukaguliwa, ibada, masomo, michezo ya alasiri, na masomo ya jioni hadi taa zizimwe. Viranja walikuwa na mamlaka halisi, na walijibu kwa mwalimu mkuu kama walivyotumia mamlaka hayo. Kuchelewa kulihesabiwa kuwa ni kukosa heshima. Fimbo ilikuwepo. Katika hisabati Francis hakuridhika na jibu sahihi lililopatikana kwa njia chafu. Alitaka hatua zionekane, mstari chini ya mstari.

Jumapili ilikuwa na sura yake. Baada ya ibada, vijana walitoka kwenda vijiji vya jirani kufundisha watoto shule ya Jumapili. Hapo ndipo wengi wao waliposimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza na kulazimika kusema jambo likaeleweka. Waliokuja kuwa walimu, wahubiri na wanasiasa walianzia kwa watoto hao.

Wanafunzi hawamkumbuki kwa namna moja. Wapo wanaosema alikuwa baba. Wapo wanaosema aliamini kwa dhati kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa wa heri, na imani hiyo ilimfanya asisikie baadhi ya mambo waliyokuwa wakimwambia. Yote mawili yana ushahidi. Wakati wa Hali ya Hatari alipinga Mau Mau waziwazi, na pia alilalamikia ukatili wa vikosi vya serikali dhidi ya raia, jambo ambalo Wazungu wengi wa rika lake walikaa kimya nalo. Tunaloweza kuandika bila kusita ni hili: alipostaafu mwaka 1962, mtu aliyekuwa amefundisha mawaziri watarajiwa hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha kama mwalimu wa kawaida katika shule ya Pumwani, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hadi kifo chake mwaka 1966.

Walimu Waafrika wa kipindi hicho wanastahili kutajwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyozoeleka. Bethwell Allan Ogot, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Afrika, alifundisha hisabati hapa. Mshairi Joseph Kariuki, mwanafunzi wa zamani, alirudi kufundisha. Kwa kijana wa kidato cha kwanza, kumwona Mwafrika akisimama ubaoni na kuheshimiwa na walimu wa Kizungu kulivunja jambo ambalo hotuba mia zisingelivunja.

Shule ndani ya vita, 1952–1960

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Alliance ilikuwa katikati ya eneo lililoathirika zaidi. Nje ya ua kulikuwa na vizuizi, misako, vijiji vilivyobomolewa na watu kuhamishwa kwa nguvu. Ndani ya ua kengele iliendelea kulia kwa wakati wake.

Hakuna aliyeacha ushahidi wa kina wa hali hiyo kama Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia Januari 1955 hadi mwisho wa 1958 na kuandika kumbukumbu zake katika In the House of the Interpreter, kitabu kilichotoka mwaka 2012. Hata kufika shuleni kulikuwa kazi. Katika stesheni ya Limuru alizuiwa kupanda treni ya abiria na wenzake kwa kuwa hakuwa na kibali cha kusafiri kilichodaiwa kwa watu wa jamii yake, na akafikishwa Kikuyu kwa behewa la mizigo. Tujaribu kumwona kijana huyo: amefaulu mtihani uliowashinda maelfu, ana barua ya kukubaliwa katika shule bora kabisa ya Waafrika nchini, na anaingia kwenye shule hiyo kama gunia.

Muhula wa kwanza ulipomalizika akarudi nyumbani, na hakukuta nyumba. Kijiji kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishiwa katika kijiji cha ulinzi kilichopangwa na serikali. Kaka yake mmoja alikuwa msituni na wapiganaji. Ikawa kwamba kwa kijana huyu, bweni la Alliance lilikuwa mahali pekee ambapo hakuna askari angemwuliza kipande, na kila likizo ilikuwa hatari. Ni hali ngumu kuielewa leo, mtoto kuogopa kufungwa kwa shule, lakini hakuwa peke yake. Katika madawati yaleyale walikaa watoto wa waliokuwa msituni na watoto wa waliokuwa upande wa serikali, na walifanya mtihani mmoja.

Huko shuleni alikuta maktaba. Alisoma hadithi za rubani Biggles, akasoma Brontë, akasoma kila alichokiona. Mwaka 1957 gazeti la shule lilichapisha andiko lake kuhusu imani za utotoni. Wahariri wa gazeti hilo hawakujua kuwa walikuwa wakichapisha mwandishi ambaye dunia nzima ingemsoma, na hiyo ndiyo fahari ya magazeti ya shule. Ngũgĩ alifariki mwezi Mei 2025, miezi michache kabla ya karne ya shule yake kutimia, naye hakuacha kubishana na Alliance katika maandishi yake hadi mwisho. Mabishano hayo yamehifadhiwa hapa kama sehemu ya historia ya shule. Shule iliyomfundisha kijana kuuliza haina haki ya kushangaa ikiulizwa.

Jukwaa la Kiswahili, katikati ya miaka ya 1950

Kila mwaka Alliance iliandaa mchezo wa Shakespeare. Lilikuwa tukio kubwa: wazazi, wageni kutoka Nairobi, maofisa wa serikali, na wavulana waliovaa magauni kucheza nafasi za wanawake, kwa kuwa hakukuwa na wasichana. Waliocheza bado wanazikumbuka nafasi zao. Sifa zote za jukwaa la Alliance zimeelekezwa huko, na walimu waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani.

Lakini pembeni mwa Shakespeare kulikuwa na jukwaa la pili. Wanafunzi wenyewe waliandika michezo kwa Kiswahili na kuicheza. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike aliandika Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi aliandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. B. M. Kurutu aliandika Atakiwa na Polisi. Walikuwa wavulana wa shule, umri wa kukariri jedwali la logi, na tayari walikuwa wakitunga mazungumzo ya jukwaani katika lugha ambayo wakati huo haikuwa na akiba kubwa ya tamthilia zilizoandikwa na Waafrika wenyewe. Michezo yao ilitoka nje ya ua wa shule na kuchezwa mbele ya watu wa kawaida katika kumbi za mijini. Nakupenda Lakini ilichapishwa mwaka 1957, na Nimelogwa mwaka 1961.

Tukumbuke miaka hiyo ilikuwa miaka gani. Mikusanyiko ya Waafrika ilidhibitiwa. Darasani lugha ilikuwa Kiingereza, na alama za Kiingereza ndizo zilizoamua nani aende Makerere. Kiswahili hakikumpa mtu cheo. Na bado vijana hawa, wengi wao wakiwa wametoka nyumba zisizosema Kiswahili kama lugha ya mama, walikichagua walipotaka kuzungumza na watu wao juu ya mapenzi, ndoa, pesa na polisi. Walijua kwamba mtu aliyeketi ukumbini Nakuru, awe karani au mfanyakazi wa reli, Mluo au Mkikuyu, angecheka mahali palepale. Walimu wengi wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania wanapoeleza mwanzo wa tamthilia iliyoandikwa, wanataja majina haya. Ni wachache wanaowaambia wanafunzi wao kwamba waandishi hao walikuwa vijana wa mabweni, katika shule moja, katika miaka michache.

Kwa maoni ya mwandishi wa historia hii, hiyo ndiyo kazi ya fasihi iliyo kubwa kuliko zote zilizotoka katika ukumbi wa Alliance, na michezo ya Shakespeare, pamoja na uzuri wake wote, inakuja baada yake.

Uhuru na baada yake, 1963–1989

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, serikali na upinzani wote walikuwa na wana wa Alliance katika viti vya mbele. Gichuru alishika fedha. Odinga alikuwa waziri, na mwaka uliofuata makamu wa rais. Julius Gikonyo Kiano, Mbiyu Koinange na wengine walikuwa katika baraza la mawaziri; Charles Njonjo alikuwa mwanasheria mkuu. Upande wa pili alikuwepo Ronald Ngala, kijana wa Pwani aliyepitia Kaloleni, Shimo la Tewa, Alliance na Makerere, akiongoza chama cha KADU na hoja yake ya majimbo. Duncan Ndegwa akawa gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu mwaka 1967, Kitili Mwendwa jaji mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1968, na Josphat Karanja makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Uongozi wa shule ulikwenda kwa Laurence Campbell baada ya Francis, na baadaye kwa Waafrika. Kidato cha tano na cha sita vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikaleta vijana kutoka shule nyingine, wakaja na hoja mpya. Shule zilizokuwa za Wazungu peke yao zilifungua milango, na Alliance ikapata washindani wenye viwanja vikubwa na maabara bora. Haikutetereka. Mwanafunzi wa zamani Benjamin Kipkorir alikwenda Cambridge akaandika tasnifu ya udaktari juu ya shule hii na chimbuko la wasomi wa Kenya, naye mwalimu J. Stephen Smith alichapisha historia yake mwaka 1973. Shule chache barani zimeandikwa hivyo mapema.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na kidato cha sita kikafutwa mwishoni mwa muongo huo.

Zama zetu

Kijana anayefika Bush leo bado anakuja na sanduku la chuma na mzazi anayejikaza asitoe machozi. Bado atakuwa mono, yaani mwanafunzi mgeni, kwa mwaka mzima, atajifunza majina ya mabweni, ataambiwa habari za Grieve na Francis na waliomtangulia miaka miwili tu. Kando ya barabara iko Alliance Girls, iliyoanza mwaka 1948 kama African Girls' High School, na utani kati ya shule hizo mbili haujapoa.

Heshima ya historia inadai tuseme pia lililotuumiza. Mwaka 2017 ilifichuka kwamba baadhi ya wanafunzi wakubwa walikuwa wakiwatesa wadogo, wizara ya elimu ikachunguza, na uongozi wa shule ukabadilika. Waliosoma zamani walisikia habari hizo kwa uchungu, na wengine wao walikiri kwamba mbegu za mambo hayo zilikuwepo hata wakati wao, zikiitwa mila ya shule. Mila inayomvunja mtoto haina nafasi katika shule iliyojengwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo kwa nguvu.

Januari 2026 shule ilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya wa umilisi, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka mia.

Jedwali la matukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1918 | Misheni za Kiprotestanti zaunda umoja wao Kikuyu |
| 1924 | Tume ya Phelps-Stokes yazuru Kenya |
| 1926 | Shule yafunguliwa tarehe 1 Machi, G. A. Grieve mwalimu mkuu |
| 1940 | Edward Carey Francis achukua uongozi |
| 1944 | Eliud Mathu, mwanafunzi wa mwanzo, aingia Baraza la Kutunga Sheria |
| 1948 | African Girls' High School yaanza jirani |
| 1952 | Hali ya Hatari yatangazwa |
| 1955–1958 | Ngũgĩ wa Thiong'o asoma hapa |
| 1957 | Nakupenda Lakini ya Henry Kuria yachapishwa |
| 1962 | Carey Francis astaafu. Baada yake Laurence Campbell ashika uongozi |
| 1963 | Uhuru wa Kenya |
| 1973 | Historia ya shule ya J. Stephen Smith yachapishwa |
| 1985 | Mfumo wa 8-4-4 waanza |
| 2026 | Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10. Miaka 100 tarehe 1 Machi |

Kwa wanafunzi wa zamani

Waliokuwa hapa kabla ya uhuru sasa wanakaribia miaka themanini au wameipita. Wachache miongoni mwao wameandika vitabu; Kipkorir aliandika kumbukumbu zake, Ndegwa zake, Odinga na Ngũgĩ zao. Walio wengi hawajaandika. Walikuwa walimu wa shule za msingi, madaktari wa wilaya, makarani wa reli, wachungaji na wakulima wa chai, na wanachokumbuka kuhusu bweni, chakula, woga na urafiki hakimo katika kitabu chochote.

Kwa hiyo maombi yetu ni matatu. Kila familia yenye mzee aliyesoma Alliance iketi naye na simu yenye kurekodi, imwulize jinsi alivyofika shuleni siku ya kwanza na nani alilipa karo yake, kisha ipeleke nakala shuleni. Mwenye gazeti la zamani la shule au picha ya mchezo wa jukwaani asiitupe. Maktaba ya shule ndiyo makao yake. Na wachapishaji wa Kiswahili, pamoja na chama cha wanafunzi wa zamani, washirikiane kuchapisha upya tamthilia za Kuria, Nyoike, Ngugi na Kurutu katika kitabu kimoja, ili wavulana wa Gredi ya 10 wazicheze katika ukumbi uleule kabla mwaka huu wa karne haujaisha.